Gundi ya mkorosho inapogoma maabara: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Ukipita mashamba ya Nanyamba au Tandahimba asubuhi utaiona gundi imeganda kwenye magome ya mikorosho, pale shoka lilipogusa au mdudu alipotoboa. Nyingine nyeupe, nyingine rangi ya asali, nyingine nyeusi tii. Karibu yote ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari. Sehemu kubwa ni galaktosi, halafu kuna glukosi, arabinosi, ramnosi na asidi ya glukuroniki. Nimeichagua iwe mfano mkuu kwa sababu huku kwetu haina bei, inayeyuka kwenye maji baridi, na karibu kila kosa linalompata mtu anayeshughulika na mlonge, ubuyu, bamia, shubiri au mwani hujitokeza kwenye gundi pia.

Nawaandikia mwanafunzi, fundi sanifu na mtafiti walio kwenye maabara ndogo kama yetu hapa Mtwara: spektrofotomita moja (mashine ya kusoma rangi), sentrifuji moja, friji moja, na umeme ambao haukuagi ukiondoka. Njia ya kawaida ni hii. Gundi inachambuliwa kwa mkono kuondoa magome na mchanga, inasagwa, inaoshwa kwa ethanoli ya asilimia 80 ili rangi na sukari ndogondogo zitoke. Inayeyushwa kwenye maji yaliyokenekwa, gramu 5 kwa mililita 100, pH inasogezwa hadi 7, inachujwa, kisha polisakaridi inatuishwa kwa ethanoli ya ujazo mara 3 hadi 4. Mashapo yanaoshwa, yanakaushwa, ndipo unga unapimwa. Majani na mizizi huhitaji maji ya nyuzi 80 hadi 100 kwa saa 1 hadi 3, maana polisakaridi zake zimejifungia kwenye kuta za seli.

Katika kila dalili hapa chini swali la kujiuliza ni lilelile: unga ulioko mkononi ni polisakaridi kiasi gani, na kilichobaki ni kitu gani?

Ethanoli imemiminwa, hakuna kinachotua

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa zaidi. Kabla ya kuulaumu mmea, chukua kalamu upige hesabu ya ethanoli. Polisakaridi nyingi hutua ethanoli inapofika asilimia 70 hadi 80 ya mchanganyiko mzima. Ujazo mara 4 wa ethanoli ya asilimia 95 juu ya ujazo 1 wa mchuzi, yaani maji yenye gundi iliyoyeyuka, unakupa asilimia 76. Ujazo huohuo wa ethanoli ya asilimia 70, ile ya kupangusia meza na mikono, unakupa asilimia 56, na hata ukimimina ndoo nzima hutaifikia 70. Na hiyo ya asilimia 70 ndiyo rahisi kuipata mjini, kwa hiyo wengi wanakwama papo hapo. Spiriti iliyotiwa rangi usiiguse kabisa, kwa kuwa ina methanoli na rangi yenyewe inabaki kwenye unga. Gongo ya mabibo nayo, hata iwe kali namna gani, si kitendanishi: hujui nguvu yake wala kilichomo.

Ethanoli ikiwa sawa, angalia chumvi. Ile asidi ya glukuroniki inaipa gundi chaji hasi, na kwenye maji molekuli zenye chaji moja zinasukumana. Unamimina ethanoli, bika inageuka rangi ya maji ya mchele, unaiacha usiku kucha, na asubuhi bado ni maji ya mchele. Sasa tia chembe chache za sodiamu kloraidi safi, koroga taratibu, kisha inua bika uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwanza unaona vumbi linatembea. Halafu vumbi linashikana kuwa nyuzi, nyuzi kuwa manyoya meupe, na manyoya yanaanza kushuka yenyewe. Ayoni za sodiamu zimeituliza ile chaji, na minyororo imeacha kusukumana. Safari nyingine tia chumvi kabla ya ethanoli, na ukumbuke kwamba sasa una chumvi ya kuondoa baadaye.

Mchuzi mwepesi mno nao hautui. Upunguze maji kwenye bafu la maji la nyuzi 60 mpaka ubaki robo, ndipo umimine ethanoli.

Ukishafanya yote hayo na bado hakuna kitu, pengine mnyororo umekatika. Asidi ikikutana na moto hukata matawi ya pembeni, na arabinosi ndiyo huachia mapema. Pektini, polisakaridi ya ubuyu, inaumizwa na upande wa pili: pandisha pH yake juu ya 7 kisha uichemshe, mnyororo unakatika vipande. Vipande vifupi vinabaki kwenye ethanoli, unavimwaga sinki bila kujua. Kwa hiyo pima pH kabla ya kuwasha jiko. Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa hapa. Anayekosa maji yaliyokenekwa hununua maji ya betri, na madukani yako ya aina mbili: ya kuongezea, ambayo ni maji yaliyosafishwa, na ya kujazia betri mpya, ambayo ni asidi ya salfuriki. Soma kibandiko, kisha upime pH hata kama umesoma kibandiko.

Kimetua, lakini donge kama mpira

Ethanoli imeingia kwa kishindo. Imimine polepole huku unakoroga muda wote, ikiwa baridi kutoka kwenye friji. Donge la mpira hufungia chumvi, rangi na protini ndani yake, na hakuna kuosha kutakakovifikia. Liyeyushe tena kwenye maji uanze upya hatua hiyo. Gharama ni ethanoli tu, na unga utakaoupata ni tofauti kabisa.

Mchuzi hauchujiki

Gundi ya mkorosho haina shida hii sana. Bamia, ubuyu na shubiri ndivyo vinavyokaa juu ya karatasi ya chujio kama mlenda juu ya sahani. Ongeza maji ya moto, chuja kwanza kwa kitambaa cha kuchujia tui kilichokunjwa mara mbili, kamua, kisha sentrifuji imalize kazi. Karatasi iwe ya mwisho.

Kama ni ubuyu na mchuzi umeganda kama jeli, yaulize maji yako. Maji magumu ya kisima yana kalsiamu, na kalsiamu hufunga minyororo ya pektini yenye metoksili kidogo ikawa wavu. Hapo hata kitambaa cha tui hakitasaidia. Rudia kwa maji yaliyokenekwa.

Mchuzi umeanza kunuka kama uraka

Umeuacha mezani. Maji yenye sukari, joto la nyuzi 30 na chachu inayoelea hewani ndivyo mabibo yanavyogeuka kuwa uraka, na mchuzi wako haujui kwamba uko maabara. Bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya vinavyokata minyororo, halafu miili yao yenyewe inatua pamoja na unga na kuleta matatizo nitakayoyaeleza kwenye sehemu ya seli. Umeme ukikatika usiku, usisubiri kuona. Afadhali hatua ya kuchuja na ya kutia ethanoli zifanyike siku moja, kwa sababu kwenye ethanoli ya asilimia 70 na zaidi hakuna kinachoota. Sisi tumezoea kuanza saa 1 asubuhi kwa sababu hiyo tu. Mchuzi ulionuka mwage, usijaribu kuuokoa.

Mavuno ni makubwa mno

Gramu 10 za majani zimetoa gramu 4 za unga na kila mtu anashangilia. Subiri kwanza.

Anza na maji. Hewa ya pwani ya Mtwara imejaa unyevu, na unga wa polisakaridi unaunyonya kama chumvi ya mezani wakati wa masika. Chukua kiasi kidogo, kipime, kikaushe kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, ukipime tena. Tofauti ndiyo maji uliyokuwa ukiyahesabu kama dawa. Halafu chumvi. Yeyusha unga kidogo kwenye maji, dondosha nitrati ya fedha: wingu jeupe maana yake kloraidi ingalipo. Tia unga kwenye mfuko wa dialisisi, ule unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza kubwa, badilisha maji mara kwa mara kwa siku 2 au 3, mpaka nitrati ya fedha isitoe wingu. Mfuko wenyewe uoshe na kuuchemsha kwanza, kwani huja umepakwa gliserini.

Kisha wanga. Mizizi na mbegu zina wanga tele, na wanga nao ni polisakaridi, unatua kwenye ethanoli kama zingine. Tone la iodini likigeuka bluu nyeusi, sehemu ya ugunduzi wako ni unga wa muhogo kwa jina lingine. Kimeng'enya cha amilasi kinauvunja, ukafuata dialisisi.

Protini ndiyo yenye kuhitaji subira. Wengi wanatumia mchanganyiko wa klorofomu na butanoli, 4 kwa 1: unatikisa, unaweka kwenye sentrifuji, na protini inakaa katikati ya tabaka mbili kama utando wa maziwa. Unarudia mpaka utando usionekane. Kila mzunguko unaondoka na polisakaridi kidogo, na klorofomu kwenye chumba chenye joto ni hatari kwa anayeivuta, kwa hiyo fanya kazi ndani ya kabati la hewa au tumia kimeng'enya cha proteasi badala yake. Kuna protini ambayo haitoki hata ufanye nini, kwa sababu imeungana na mnyororo wa sukari kwa kifungo cha kweli. Gundi arabuni iko hivyo, ina kiasi cha asilimia 2 ya protini na ndiyo inayoifanya ishike mafuta na maji pamoja. Hiyo usiipigane nayo. Ipime, iandike.

Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki kinayumba

Kipimo hiki cha sukari yote kilichapishwa na DuBois na wenzake mwaka 1956 na bado ndicho kipimo cha maabara ya kawaida. Mililita 1 ya sampuli, mililita 1 ya fenoli ya asilimia 5, mililita 5 za asidi ya salfuriki kali, rangi ya chungwa, usomaji kwenye nanomita 490. Kinaonekana chepesi. Lakini kina tabia zake, na ukizipuuza neli tatu za sampuli moja zitakupa namba tatu.

Joto linalohitajika linatoka kwenye asidi yenyewe inapokutana na maji. Kwa hiyo asidi imwagwe haraka, katikati ya uso wa maji, kwa mwendo uleule kila neli. Anayeitiririsha ukutani mwa neli polepole anapata joto dogo na rangi hafifu. Vaa miwani na glavu, geuza uso wa neli mbali na watu. Fenoli inaunguza ngozi huku ikiitia ganzi, hivyo unaweza usijue kwamba imekugusa. Chupa ya asidi ifungwe mara tu baada ya kutumika: asidi kali inanyonya maji ya hewani, na chupa iliyoachwa wazi wiki nzima si asidi ileile tena.

Kisa cha pili kilinichukua muda mrefu kukigundua. Blanki yangu, maji matupu, ilikuwa inatoa rangi. Nilibadilisha maji, nikabadilisha fenoli, nikaosha neli upya na kuzikausha ndani kwa tishu. Rangi ikazidi. Ilikuwa ile tishu. Uzi mmoja wa tishu au pamba ni selulosi, selulosi ni glukosi tupu, na asidi kali inaivunja yote. Uzi usioonekana kwa macho unatosha kuharibu usomaji. Neli zikaushwe kwa kuinamishwa, zisipanguswe ndani.

Cha tatu ni stendadi, yaani sukari ya kiasi kinachojulikana unayolinganisha nayo. Karibu kila mtu anatumia glukosi kwa sababu iko kabatini. Gundi ya mkorosho sehemu kubwa ni galaktosi, na sukari hizi mbili hazitoi rangi kwa nguvu moja. Asidi za uroniki hutoa rangi dhaifu zaidi, kwa hiyo pektini ya ubuyu itaonekana chafu hata ikiwa safi. Tumia stendadi inayofanana na mmea wako, na asidi za uroniki zipime kwa kipimo chake.

Usomaji ukizidi 1 punguza nguvu ya sampuli. Usiivute grafu kwa rula kupita pale stendadi zako zilipoishia.

Unga una rangi ya chai, na kipimo cha DPPH kinaonyesha nguvu ya ajabu

Hizi ni dalili mbili za ugonjwa mmoja, na hapa ndipo nataka msomaji akae na mimi kidogo.

DPPH ni rangi ya zambarau inayofifia ikikutana na kitu kinachozuia uoksidishaji. Unasoma kwenye nanomita 517, unalinganisha na vitamini C. Vitamini C inafanya kazi kwa maikrogramu chache kwa mililita. Polisakaridi iliyosafishwa vizuri kwa kawaida huhitaji miligramu. Unga wako ukishindana na vitamini C bega kwa bega, usiandike hitimisho. Chukua feriki kloraidi, dondosha tone kwenye myeyusho wa unga. Ukigeuka kijani kizito au bluu nyeusi, ndani kuna tanini, na tanini ndiyo iliyoifuta zambarau.

Nasema hivi kwa kuwa limenikuta. Mganga mzee wa upande wa Newala alitupa gundi anayoitumia kwa tumbo la kuhara. Ilikuwa ya hudhurungi, imeshikana na vipande vya gome. Tuliisaga yote, tukatuisha kwa ethanoli, tukapata unga wa rangi ya chai ya rangi, na DPPH ikafifia ndani ya dakika. Tukaandika ripoti ya ndani kwamba polisakaridi ya gundi ya mkorosho ina nguvu kubwa. Baadaye nikaichambua gundi ileile kipande kwa kipande kwa koleo, magome upande huu, gundi safi upande ule. Gundi safi ilitoa unga mweupe ambao haukufanya lolote la maana kwenye DPPH. Nguvu yote ilikuwa kwenye gome.

Ilibidi nirudi kumweleza, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa matokeo ya kwanza. Nikamkuta amekaa barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umerudi na habari gani?"

Nikamwambia kwamba tulikosea, kwamba iliyofanya kazi kwenye kipimo si gundi bali ni gome.

Akanitazama. "Mimi nilikupa vyote viwili pamoja. Nilipokupa, uliniuliza kwa nini sijaondoa gome?"

Sikuwa nimemuuliza. Dawa yake ilikuwa gome na gundi vikichemshwa pamoja: gome linakaza tumbo, gundi inaufanya uji wa dawa uteleze na mgonjwa aweze kuunywa. Sisi tulichukua nusu ya maelezo, tukaiita nusu nyingine uchafu. Tangu siku hiyo fomu yetu ya kuchukulia sampuli ina mstari wa ziada: inatayarishwaje, pamoja na nini, inapewa nani. Na tunapima dawa nzima kama inavyonywewa kabla ya kuigawa vipande.

Marekebisho ya maabara sasa. Chambua kwa mkono, hakuna mashine inayolishinda jicho hapa. Osha kwa ethanoli ya asilimia 80 kabla ya kuyeyusha, rudia mpaka ethanoli itoke haina rangi. Mkaa ulioamilishwa unaondoa rangi lakini unaondoka na polisakaridi pia. Haidrojeni peroksaidi inang'arisha unga ukapendeza kwa macho, huku inakata minyororo, kwa hiyo siipendi hata kidogo. Kisha pima fenoli za mmea zilizobaki, yaani tanini na jamaa zake, na uandike namba yake kando ya namba ya DPPH, ili msomaji aone mwenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili pia: DPPH inasema unga hauna nguvu kabisa, au usomaji unapanda badala ya kushuka. DPPH iko kwenye methanoli au ethanoli, na tumeona polisakaridi inafanya nini ikikutana na ethanoli. Inatua ndani ya kuveti, kile kikombe kidogo kinachosomwa na mashine, mwanga unatawanyika, mashine inasoma ukungu kama rangi. Tazama kuveti kwa macho kabla ya kuiamini mashine. Weka blanki ya sampuli pamoja na methanoli isiyo na DPPH, au hamia kipimo cha rangi nyingine, ABTS, kwenye nanomita 734, kinachofanyika kwenye maji. ABTS huandaliwa na potasiamu pasalfeti saa 12 hadi 16 kabla, gizani, kwa hiyo panga siku yako.

Unga mkavu haukubali kuyeyuka

Umekaushwa kwa moto mkali ukiwa bado na maji mengi. Minyororo imeshikana. Kabla ya kukausha osha mashapo kwa ethanoli kali, kisha asetoni, halafu kausha kwa nyuzi 40. Wakati wa kuyeyusha fanya kama mpika uji: unga haumwagwi kwenye maji ya moto. Ulowanishe kwanza kwa matone machache ya ethanoli, ndipo maji yaingie kidogokidogo huku unakoroga. Ukiruka hatua hiyo utapata madonge yenye unga mkavu ndani.

Seli za kinga zimechangamka kupita kawaida

Mara nyingi unga unapelekwa kwenye maabara kubwa yenye vyumba vya seli, unawekwa kwenye makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, na seli zinatoa naitriki oksaidi kwa wingi. Jibu linarudi: mmea unaongeza kinga ya mwili. Mpaka hapo sijakubali.

Bakteria wa kundi liitwalo Gram hasi wana sumu iitwayo endotoksini kwenye ukuta wao. Nanogramu chache tu za endotoksini zinaamsha makrofaji. Ni molekuli kubwa yenye sukari, inatua kwenye ethanoli pamoja na polisakaridi yako, haipiti kwenye mfuko wa dialisisi, na haiuawi na otoklevu, yaani mvuke wa shinikizo, ya nyuzi 121. Mchuzi ulionuka uraka, ukiokolewa kwa ethanoli, unaweza kuwa na endotoksini ya kutosha kuifanya hata chaki ionekane dawa ya kinga.

Omba seli zijaribiwe mara mbili, bila polimiksini B na ikiwepo. Polimiksini B inaifunga endotoksini. Nguvu ikipotea ilipowekwa, iliyokuwa ikifanya kazi ni bakteria, siyo mmea. Kipimo cha LAL, kinachotokana na damu ya kaa wa kiatu cha farasi, kinaipima endotoksini moja kwa moja, ila betaglukani za uyoga na nafaka zinaweza kukidanganya, kwa hiyo iulizwe aina ya kit isiyoathiriwa nazo. Vyombo vya glasi vichomwe kavu kwa nyuzi 250 kwa dakika 30. Kuchemsha tu hakutoshi.

Na kipimo cha MTT, kinachotumia rangi inayobadilishwa na seli hai, kikionyesha seli "zimeongezeka", weka unga na MTT kwenye kisima kisicho na seli hata moja. Rangi ikitokea, ni tanini tena.

Sukari ya damu imeshuka kwenye neli

Kimeng'enya cha alfaglukosidasi, kinachosaidia kukata wanga kuwa glukosi tumboni, kikizuiwa na unga, watu wanakimbilia neno kisukari. Linganisha kwanza na akabosi, dawa inayojulikana kwa kazi hiyo. Soma blanki ya sampuli, kwani kipimo kinasoma rangi ya njano kwenye nanomita 405 na unga wa rangi ya chai una njano yake. Kisha jiulize kama kimeng'enya kimezuiwa kweli au kimekwama kwenye uzito wa ute. Mlenda mzito unachelewesha kila kitu kinachotembea ndani yake. Uzito huo wenyewe unaweza kuwa na faida tumboni, lakini ni kazi ya nyuzi lishe na iitwe hivyo.

Mfano wa polisakaridi iliyopita njia yote upo. Betaglukani ya nafaka ya ooti ilikubaliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 1997 kutajwa kwenye vifungashio kuhusu afya ya moyo, kwa kiasi cha gramu 3 kwa siku, baada ya watu halisi kulishwa na lehemu yao kupimwa. Sisi tulio na neli na seli tuko mwanzo wa safari hiyo. Anayetaka kuuza dawa yake hapa nchini anapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, na ripoti yetu isimfanye aandike kwenye chupa neno ambalo hatukulipima.

Mwaka jana ilifanya kazi, mwaka huu haifanyi

Angalia tarehe ya kuchuma. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na gundi inanata: vumbi la njano linakaa juu yake. Salfa haiyeyuki kwenye maji, utaiona chini ya bika, lakini chembe nyembamba zinapita kitambaa cha tui na kuutia mchuzi ukungu. Isugue gundi kwa brashi, ioshe kwa ethanoli, iweke kwenye sentrifuji kabla ya kusoma chochote. Viuatilifu vingine vinavyoyeyuka ni shida kubwa zaidi, hivyo muulize mwenye shamba amepuliza nini na lini. Gundi ya masika ni tatizo jingine: mvua imeiyeyusha nusu, iliyobaki imeota ukungu. Sisi huchuma ikiwa kavu kabla ya salfa, kutoka kwenye majeraha ambayo mti umeyapata wenyewe. Hatukati mti ili utoe. Jeraha jipya ni mlango wa wadudu, na mkorosho ndio ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Angalia pia kama ni mmea uleule. Mkorosho hauna utata, lakini jina moja la kienyeji linaweza kuwa mmea mmoja Masasi na mwingine Ruangwa. Kausha tawi lenye jani na ua, lipeleke hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upewe jina la kisayansi na namba ya kielelezo. Namba hiyo iandikwe kwenye kila mfuko wa unga, pamoja na kijiji, mwezi wa kuchuma, gome limeondolewa au limeachwa, na asilimia nne: maji, protini, fenoli, sukari yote.

Mifuko yetu iko kwenye dumu lenye silika jeli, mfuniko umefungwa kwa utepe. Silika ikigeuka kutoka bluu kuwa waridi, tunaikausha kwenye oveni na kuirudisha. Wakati wa masika hiyo ni kazi ya kila wiki.